Sura ya 5: Kibanda Kinachohama

Asubuhi ya Januari, kabla jua halijapanda, Ziwa Mille Lacs huwa si ziwa tena machoni pa mgeni. Ni uwanda mweupe wa zaidi ya kilomita za mraba 500, wenye barabara, vibao vya njia, magari yaliyowasha taa na mitaa mizima ya nyumba ndogo zinazofuka moshi. Chini ya hayo yote kuna maji, na ndani ya maji wamo samaki. Mimi nilikulia Musoma, kando ya ziwa lisiloganda. Siku ya kwanza kuiona Mille Lacs, kaskazini mwa mji wa Minneapolis, nilisimama ufukweni muda mrefu nikikataa kutia mguu. Aliyenivusha ni rafiki yangu wa Homa Bay, aliyenitangulia jimbo la Minnesota kwa miaka mingi.

"Twende, kaka," aliniambia. "Barafu hii nimeipima jana kwa mkono wangu. Inanifika gotini."

Siku ile tulivua bila kibanda. Kipimajoto kilisoma nyuzi 20 chini ya sifuri na upepo ulikuwa wa kilomita kama 30 kwa saa. Kwa hesabu za wataalamu wa hali ya hewa, uso wa mtu katika hali hiyo hupoteza joto kana kwamba hewa imetulia na baridi imeshuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Vidole vilikataa kufunga ndoana. Mshipi ulivaa ganda la barafu. Tundu tulilolitoboa lilikuwa likiziba mbele ya macho yetu, na kila baada ya dakika chache ilibidi tuchote vipande vya barafu kwa upawa. Saa nne asubuhi tulikuwa tumeshindwa, tukafunga virago tukiwa na samaki mmoja. Mita 50 kutoka kwetu alikuwapo mzee mmoja ndani ya kijihema cheusi alichokuja nacho akikikokota kwa kamba. Tulipopita alikuwa amevua koti, anakunywa kahawa, na pembeni mwa tundu lake walilala samaki wanne wa aina ya walleye.

Sura hii inaeleza namna ya kujenga kibanda cha aina ile kwa mikono yako, kwa vifaa vinavyopatikana katika duka lolote la ujenzi na kwa cherehani ya kawaida. Kabla ya vipimo, niseme msimamo wangu. Kibanda bora juu ya barafu ni kile ambacho mtu mmoja anaweza kukikokota, kukiinua na kukiondoa peke yake kwa dakika mbili. Joto ni jema na nafasi ni njema, lakini vyote viwili vinakuja baada ya hapo. Kila kipimo nitakachokitoa kimetoka katika msimamo huo.

Kutoka blanketi hadi nyumba ya magurudumu

Wenyeji wa nchi ile, Waojibwe na Wadakota, walivua chini ya barafu karne nyingi kabla ya kuja kwa plaiwudi na jiko la gesi. Mvuvi alitoboa tundu, akasimamisha vijiti vitatu juu yake, akalala kifudifudi na kujifunika blanketi au ngozi iliyotandazwa juu ya vijiti hivyo. Alichokitafuta chini ya blanketi kilikuwa giza zaidi ya joto. Mwanga wa theluji ukizuiwa, maji yanageuka dirisha, nawe unaona hadi chini. Mkono mmoja ulichezesha samaki wa kuchonga kwa mti, mwingine ulishika chusa. Samaki mkubwa alipokuja kumkagua yule wa mti, chusa kilishuka. Uvuvi huo bado upo na unaruhusiwa Minnesota hadi leo, na kibanda chake kinaitwa nyumba ya giza.

Walowezi walileta mbao. Vibanda vikawa vijumba vyenye sakafu, dirisha na jiko la kuni, vikavutwa ziwani Desemba na kuachwa papo hapo hadi mwisho wa majira. Leo vijumba hivyo vimekua hadi kuwa nyumba za magurudumu zenye vitanda, televisheni na choo. Sizidharau, familia nyingi zimelea watoto wao ndani yake mwishoni mwa juma. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 mvuvi mmoja wa Minnesota, Dave Genz, aliona kasoro kubwa katika mtindo wa kukaa na kungoja. Samaki hawakai. Asubuhi wako kwenye kina cha mita 3, mchana wameshuka hadi mita 9, kesho wamehamia upande wa pili wa mwamba. Mvuvi aliyefungwa na nyumba yake anavua maji matupu. Genz akatengeneza kibanda kidogo kilichojengwa juu ya sleji, yaani beseni refu la plastiki linaloteleza juu ya theluji, chenye kifuniko kinachopinduliwa mbele na kurudishwa nyuma mfano wa kifuniko cha gari la mtoto mchanga. Alikiita Fish Trap. Akatoboa matundu mengi, akahama kutoka tundu hadi tundu, akapata samaki pale wengine walipokuwa wakisinzia. Vibanda vya kupindua vinavyouzwa leo ni wajukuu wa wazo hilo.

Nilijifunza somo hilohilo kwa gharama yangu. Kibanda changu cha kwanza kilikuwa cha plaiwudi juu ya fremu ya mbao, na kukisogeza kulihitaji watu watatu. Nilikiweka Desemba mahali palipokuwa na samaki. Katikati ya Januari samaki walikuwa wameondoka, nami niliendelea kukaa pale wiki tatu kwa sababu tu nyumba ilikuwa nzito. Machi ilipofika, maji ya theluji iliyoyeyuka mchana yaliganda usiku na kuishika miguu ya kibanda kama zege. Niliivunja barafu hiyo kwa mtaimbo siku mbili nzima ili niwahi tarehe ya sheria ya kuondoa vibanda. Mbao zile nilizifanya rafu za stoo, nikaanza kuchora kibanda kipya.

Barafu kwanza

Usinunue hata msumari mmoja kabla hujaelewa kitu utakachokijengea.

Maji safi huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa kwenye nyuzi 4. Vuli inapoingia, maji ya juu yanapoa na kuzama, na yale ya chini yanapanda, hadi ziwa lote linakaribia nyuzi hizo 4. Kuanzia hapo maji yanayozidi kupoa yanakuwa mepesi, yanabaki juu na kuganda. Barafu yenyewe ni nyepesi kuliko maji kwa karibu sehemu moja katika kumi na mbili, kwa hiyo inaelea na kuwa blanketi la ziwa. Ndiyo sababu samaki wanaishi huko chini majira yote, nasi tunaweza kusimama juu yao.

Idara ya Maliasili ya Minnesota inafundisha vipimo vinavyofaa kukaririwa. Barafu mpya, ngumu na angavu, yenye unene wa sentimita 10, inatosha mtu anayetembea kwa miguu. Pikipiki ya theluji inahitaji kati ya 13 na 18. Gari dogo linahitaji 23 hadi 25. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina nguvu ya nusu tu, kwa hiyo vipimo hivyo vizidishwe mara mbili. Idara hiyohiyo inarudia kila mwaka kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Penye mkondo, penye chemchemi, karibu na daraja au mdomo wa mto, unene hubadilika ndani ya hatua tano. Ndiyo maana mvuvi mwenye akili anatembea na mtaimbo, anaupiga mbele yake kila hatua chache, na anatoboa tundu la kupimia kila mita 50.

Barafu pia husafiri. Tarehe 29 Desemba 2023, kwenye ziwa la Upper Red Lake kaskazini mwa jimbo, pande kubwa la barafu lilimeguka kutoka ufukweni na kuelea likiwa na zaidi ya watu 100. Waliokolewa wote. Waliokuwa na mizigo mikubwa waliiacha, na hawakuwa na la kufanya. Ninapokuambia kibanda kiwe chepesi, sizungumzii samaki peke yao.

Umbo lake

Chukua beseni refu la sleji lenye urefu wa mita 1.5, upana wa sentimita 65 na kina cha sentimita 25. Hilo ndilo sakafu, ghala na gari lako. Wewe utakaa mwishoni mwa upande wa mbele, juu ya kiti kilichowekwa ndani ya sleji, miguu ikikanyaga barafu. Tundu litakuwa kati ya magoti yako na ukingo wa mbele wa hema.

Pale mbele, sentimita 10 kutoka ncha ya sleji, kutakuwa na egemeo: bolti moja kila upande. Kwenye bolti hizo mbili yananing'inia matao matatu ya bomba, kila tao likiwa na umbo la mlango, yaani miguu miwili na kipande cha juu. Yakilala kuelekea nyuma, yanafunika mizigo yako safarini. Ukifika, unashika tao la kwanza na kulipindua mbele hadi liguse barafu. La pili linafuata na kusimama mbele kidogo ya uso wako, la tatu linaegemea nyuma ya kichwa chako. Turubai lililoshonwa juu yao linakazika, na nyumba imesimama.

Miguu ya matao iwe na urefu wa mita 1.5. Urefu huo una sababu mbili. Yakilala, yanazidi sleji kwa sentimita 10 tu, hayakokoti nyuma. Yakisimama, paa linafika kama mita 1.5 kutoka kwenye barafu, na mtu mzima aliyekaa anabaki na kiasi cha kiganja juu ya kofia yake. Paa refu kuliko hilo linakamata upepo na kupeleka joto lote juu, mahali ambapo hukai.

Vifaa

Nunua mabomba manne ya chuma chepesi, yale mafundi umeme wanayopitishia nyaya ukutani, ya robo tatu inchi na urefu wa futi 10. Matatu ukiyakata katikati unapata miguu sita. La nne unalikata vipande vitatu vya juu: sentimita 75, 80 na 85. Usivilinganishe vipande hivyo. Matao lazima yapishane wakati wa kulala, dogo ndani ya kubwa, kama sufuria zinavyopangwa dukani. Unahitaji pia viungio sita vya kona vyenye skrubu za kubana, bolti mbili za milimita 12 zenye urefu wa kama sentimita 15, nati zake za kujifunga, na washa za kutosha kutenganisha miguu.

Turubai utakalohitaji ni kama mita za mraba 17. Chagua kitambaa kizito cha poliesta au pamba kilichotiwa dawa ya kuzuia maji na moto. Turubai la plastiki la bei nafuu linalofunikia mizigo lisikushawishi, maana kwenye baridi kali linakauka, linapasuka kwenye mikunjo na kupiga kelele upepo ukivuma. Rangi iwe nyeusi, angalau upande wa ndani. Hapo unarudi kwa Waojibwe: giza linakufungulia maji, na jua dogo la Januari linalopiga kitambaa cheusi linaongeza joto bila gharama.

Mengine ni ubao mmoja wa inchi 2 kwa 4, kipande cha plaiwudi cha kuimarisha sakafu, uzi mnene wa nailoni, kamba, kulabu mbili, skrubu nne ndefu za kuingia kwenye barafu, na karatasi ya kuakisi mwanga. Kikikamilika, kibanda kitakuwa na uzito wa kilo 25 hivi. Juu ya theluji ngumu mtoto wa miaka kumi na miwili anakivuta.

Kujenga

Usione vyaelea, vimeundwa. Kazi hii ina siku mbili za fundi mtulivu, ya chuma na ya cherehani.

Siku ya kwanza, laza plaiwudi ndani ya sleji na uikaze kwa bolti fupi zenye washa pana, vichwa vikiwa chini ili visikwangue barafu. Kata ubao wa 2 kwa 4 upite juu ya kingo za sleji na kutokeza kidogo pande zote mbili, uufunge kwa bolti nne sentimita 10 kutoka ncha ya mbele. Toboa kila ncha ya ubao kwa keekee, tundu la milimita 12, likiingia kwa urefu wa ubao. Hapo ndipo bolti ya egemeo inakaa. Usitegemee uzi wa skrubu kwenye mbao. Pitisha bolti, toboa kiota upande wa chini wa ubao ili nati ikae ndani yake, na ukaze. Egemeo ndilo kiungo kinachobeba kila dhoruba, na vibanda vingi vya kujitengenezea nilivyoviona vimekufa hapo.

Unganisha matao kwa viungio vya kona. Piga msasa ncha zote za bomba, kwa sababu ukingo mkali utakata turubai ndani ya mwezi mmoja. Toboa mguu wa kila tao sentimita 3 kutoka chini. Vika tao dogo kwanza, washa, la kati, washa, kisha kubwa. Kaza nati kiasi cha kuruhusu matao kuzunguka kwa mkono uliovaa glovu. Yapindue mara ishirini, na kama kuna mahali yanakwama, rekebisha sasa, kwa sababu kwenye barafu hutakuwa na subira hiyo.

Siku ya pili ni ya kitambaa, na usikate chochote kwa kukisia. Simamisha matao kama yatakavyokaa ziwani, uyafunge kwa kamba yasisogee. Pima kwa futi kamba kutoka ukingo wa nyuma wa sleji, juu ya tao la nyuma, juu ya tao la kati, hadi tao la mbele lililogusa chini. Utapata mita 4.4 au karibu yake. Ongeza sentimita 30 mbele za sketi ya theluji na sentimita chache za pindo, na huo ndio urefu wa paa. Kwa mbavu, laza kibanda ubavu juu ya turubai sakafuni na uchore umbo lake kwa chaki, ukiacha pindo la sentimita 3 pande za juu na sketi ya sentimita 30 upande wa chini. Geuza turubai ukate ubavu wa pili kutoka mchoro uleule.

Shona kila mshono mara mbili, wa pili ukilaza pindo kama mshono wa pembeni wa suruali ya jinzi. Paka nta ya mshumaa juu ya mishono. Kwa ndani shona mikono mitatu ya kitambaa, kama ile ya pazia, vipande vya juu vya matao vipite humo. Nyuma, kaza turubai kwenye ukingo wa sleji kwa utepe wa bati na skrubu fupi. Mlango hauhitajiki. Unaingia kwa kuinua tao la mbele na unatoka kwa njia hiyohiyo, mkono mmoja, sekunde mbili. Hiyo ni sababu nyingine ya kulipenda umbo hili: hakuna zipu ya kuganda wakati unahitaji kutoka mbio.

Moto na hewa

Naomba sehemu hii usiipitie juujuu. Mvuvi anayekufa ndani ya kibanda mara nyingi hauawi na baridi wala maji. Anauawa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye jiko lisilopata hewa ya kutosha. Inaanza kwa kichwa kuuma, kisha uchovu na kichefuchefu. Aliyechoka kwa baridi anadhani ni usingizi wa kawaida, anajilaza.

Kata matundu mawili ya hewa yenye ukubwa wa kiganja, moja chini karibu na miguu na jingine juu nyuma ya kichwa. Yashonee vifuniko vya wavu vinavyobaki wazi. Usiweke kifuniko cha kufungika, kwa sababu siku ya baridi kali utakifunga. Kama unatumia jiko la propani, lichague lenye kujizima lenyewe oksijeni ikipungua au likianguka, liweke juu ya ubao likiwa mbali na turubai kwa urefu wa mkono, na ning'iniza ving'ora vya kaboni monoksidi vinavyotumia betri pale unapokaa. Kamwe usiwashe mkaa ndani. Sisi tuliokulia kwenye jiko la mkaa tunaliamini kama jamaa wa nyumbani, na kila mwaka jiko hilo linaua watu waliofunga milango, Afrika Mashariki na ughaibuni vilevile. Ndani ya hema dogo halina nafasi.

Kwa kweli kibanda cheusi chenye sketi iliyofunikwa theluji kinahitaji moto mdogo sana. Siku nyingi mimi huwasha jiko dakika kumi, nazima nusu saa.

Ziwani

Fika, toboa kwanza. Matundu matano au sita ya sentimita 20, umbali wa hatua kumi kutoka moja hadi jingine, kutoka maji mafupi kuelekea kina. Shusha chubwi hadi chini ujue kina cha kila tundu. Kisha kokota kibanda hadi tundu la kwanza, nyuma ya sleji ikielekea upepo, na upindue. Ukisahau mwelekeo huo, upepo utaingia chini ya tao la mbele na kuinua nyumba nzima.

Zungusha skrubu mbili za barafu kila ubavu na ufunge sleji kwa kamba. Tao la mbele usilifunge nje. Lishike kwa kamba ya ndani yenye kulabu, iliyofungwa kwenye ubao wa egemeo, uweze kuifungua ukiwa umekaa. Koleo chache za theluji juu ya sketi zinaziba upepo. Kaa ndani, acha macho yazoee giza, na uangalie chini. Mara ya kwanza utakapoona tundu likiwaka rangi ya kijani kama taa, na kivuli cha samaki kikipita chini ya chambo chako, utaelewa kwa nini watu waliacha mioto ya nyumbani wakaja kulala kifudifudi juu ya barafu.

Nikikaa hivyo huwa nakumbuka karabai za wavuvi wa dagaa kwetu. Wao huwasha taa juu ya maji meusi ili samaki waje kwenye mwanga. Hapa unatengeneza giza, na mwanga unaingia kupitia theluji iliyokuzunguka hadi majini. Maziwa hayafanani, lakini kazi ya mvuvi ni ileile ya kumsoma samaki kwa mwanga.

Toa nafasi ya dakika ishirini kwa kila tundu. Hakuna kitu? Fungua kulabu, rudisha matao, vuta hatua kumi, pindua tena. Kufika saa nane mchana utakuwa umevua matundu yote, na jirani wa plaiwudi bado analiangalia lilelile moja.

Shingoni vaa misumari miwili mifupi yenye vipini. Ukitumbukia, geukia upande ulikotoka, kwa sababu barafu ya huko ndiyo iliyokubeba, ichome misumari, piga mateke kama unaogelea hadi tumbo liwe juu, kisha bingirika mbali. Usisimame mpaka uwe umefika mahali pagumu.

Na ziwa lina sheria zake. Huko Minnesota mvuvi mkazi wa kuanzia umri wa miaka 16 anahitaji leseni, na wakati wa barafu anaruhusiwa mishipi miwili. Kibanda kinachokunjwa hakihitaji leseni ya peke yake. Kikibaki ziwani usiku, kinatakiwa kiwe na vitambulisho vya mwenyewe na vipande vya kuakisi mwanga vyenye jumla ya angalau inchi 2 za mraba kila upande, ili pikipiki ya theluji isikivae gizani. Vibandike hata kama huna nia ya kulala, maana jua la Januari linazama mapema. Takataka zote, hadi kipande cha mshipi, zirudi nyumbani ndani ya sleji. Kinachoachwa juu ya barafu Februari kinaliwa na samaki Aprili.

Kwa nini sasa

Majira ya baridi ya mwaka 2023 kuingia 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Minnesota. Maziwa mengi yalichelewa kuganda, mengine yalifunguka kabla ya wakati wake, na nyumba nzito zilibaki nyuani mwa wenyewe zikingoja unene ambao haukufika. Barafu ya sentimita 12 haibebi nyumba ya magurudumu. Inambeba mtu mmoja anayevuta kilo 25 kwa kamba, akipima kila hatua, tayari kugeuka.

Jenga, basi, kibanda chako. Kishone vizuri, kikaze egemeo, kiachie matundu ya hewa. Na siku utakayopiga mtaimbo ukasikia mlio usiouamini, hata kama samaki wanakula, hata kama kahawa bado ni ya moto, fungua kulabu, rudisha matao, uondoke. Kibanda hiki umekijenga ili uweze kufanya hivyo.